Baruti Haina Jina Usoni

Msikilizaji wangu, nazungumza nawe kutoka Boise, jimbo la Idaho, huku magharibi ya Marekani, mji ambao ukienda sokoni Jumamosi hurudi nyumbani bila kusikia Kiswahili: cha Kongo, cha Burundi, cha Kenya, cha kwetu Tanzania. Karibu ukae. Kama chai iko mezani, endelea kunywa, mimi nitasema taratibu.

Leo nina habari ya chupa moja. Chupa ya kioo, ya kahawa, yenye kifuniko chekundu. Ndani yake vijiti vya kijivu, vidogo vidogo, kama majani ya chai yaliyokatwa kwa urefu mmoja. Juu ya kifuniko kuna kipande cha karatasi ya gundi, na juu ya karatasi hiyo mtu ameandika kwa penseli tarakimu nne: 4831. Hakuna kingine. Hakuna jina la kiwanda, hakuna mwaka, hakuna onyo.

Chupa hiyo ilikuwa ya jirani yangu, mzee aliyefariki mwanzoni mwa mwaka. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kuwinda huku, na ndiye aliyenifundisha kujaza risasi upya. Mjane wake alinipigia simu akasema, njoo unisaidie kile chumba cha chini, mimi sijui hata niguse wapi. Nikaenda na mpwa wangu, kijana wa chuo. Tukawasha taa. Meza ndefu, mashine ya mkono, mizani, makopo, maboksi, mifuko ya maganda, na ile chupa. Mpwa wangu akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akaniuliza: “Mjomba, si baruti tu hii? Tuichukue, si tunayo bunduki?”

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yako leo. Si baruti tu hii? Naomba tulijibu pamoja, polepole, maana huku wazee wanaondoka na vyumba vya namna hii vinabaki, na katika mitaa yetu ya wahamiaji wapo wanaoitwa kusaidia kuvisafisha au wanaonunua boksi zima kwenye mnada wa vitu vya marehemu.

Kwanza, kwa ambaye hajawahi kuona kazi hii. Risasi nzima, ile inayoingia kwenye bunduki, ina viungo vinne. Kuna ganda, la shaba nyeupe mara nyingi, lile linalodondoka chini baada ya kupiga. Kuna kichwa, yaani risasi yenyewe inayoruka. Kuna baruti ndani ya ganda. Na kuna fataki, kile kikombe kidogo katikati ya kitako cha ganda, kinachogongwa na bunduki na kutoa cheche. Ukishapiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda limebaki zima. Basi wapo watu wanaookota maganda, wakayasafisha, wakayarudisha umbo lake kwa mashine, wakaweka fataki mpya, baruti iliyopimwa kwenye mizani, na kichwa kipya. Hapa Marekani ni kazi halali kwa matumizi yako mwenyewe. Ukitaka kuuza ndipo unahitaji leseni ya serikali. Watu huifanya kwa sababu inapunguza gharama, na kwa sababu risasi uliyoijaza kwa mkono wako, kwa uangalifu, inakwenda pale unapotaka iende. Mwindaji anayeheshimu mnyama anataka amwangushe kwa risasi moja, asimwache akiteseka porini. Jambo hilo mzee alilisema kila msimu.

Viungo vinne, basi. Ganda, kichwa, baruti, fataki. Sasa sikiliza hili, ndilo shina la maneno yangu yote: baadhi ya viungo hivi vinajieleza vyenyewe ukivikuta havina wenyewe. Vingine havijielezi kamwe, hata ukivitazama kutwa.

Tuanze na kinachojieleza zaidi, ganda. Geuza ganda, tazama kitako chake. Utakuta limegongwa herufi na tarakimu: aina ya risasi, na jina au alama ya kiwanda. Ukiona LC na tarakimu mbili, basi ganda hilo limetoka kiwanda cha jeshi cha Lake City, huko Independence, Missouri, na zile tarakimu ni mwaka. Ganda la jeshi mara nyingi lina kuta nene kuliko la dukani, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile kwa kipimo kilekile italisukuma kwa nguvu kubwa zaidi. Kisha tazama ndani kwa tochi. Tundu moja katikati? Hilo ni la mtindo wa Boxer. Matundu mawili madogo? Hilo ni la Berdan, na mashine nyingi za huku zitavunjika sindano zikijaribu kuling'oa fataki. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, wote miaka ya 1860, lakini ni ule wa Mwingereza uliokaa Marekani. Halafu pitisha kidole na jicho: ufa mdomoni? Mstari unaong'aa karibu na kitako, kama pete? Pete hiyo ni dalili kwamba ganda limechoka na linataka kukatika vipande viwili ndani ya bunduki. Chukua waya mwembamba, upinde ncha, ukwaruze ndani. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo halifai tena.

Unaona? Ganda lina kitabu chake mgongoni. Unalisoma, unaamua.

Kichwa nacho kinajieleza, ila kinataka vipimo. Jicho halitoshi. Kuna vichwa vya inchi 0.308 na vingine vya inchi 0.311, vyote watu huviita tu vya “30”. Tofauti yake ni kama unene wa unywele. Weka viwili hivyo kiganjani, hutatofautisha. Chukua kalipa, kile kipimo cha vyuma viwili tulichotumia shuleni kwenye maabara ya fizikia, upime. Kisha weka kwenye mizani upate uzito. Kisha sogeza sumaku uone kama kuna chuma ndani. Na bado kuna jambo: kichwa cha shaba tupu na kichwa chenye madini ya risasi ndani, uzito ukiwa mmoja, cha shaba ni kirefu zaidi, kinaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Kwa hiyo hata kichwa unapokipima vizuri, utafute kitabu cha kiwanda kinachokitaja hicho, si kinachofanana nacho. Usipokipata, ukiweke kando. Hakitaharibika.

Sasa tunafika kwenye viwili vilivyo kimya. Hapa naomba usogeze redio karibu.

Fataki. Fataki zikiwa ndani ya boksi lake la kiwandani, boksi limesema kila kitu. CCI, mojawapo ya viwanda vinavyotengeneza fataki, kiko Lewiston, kaskazini mwa jimbo hili hili la Idaho, na ukifungua boksi utaona kila fataki imelala kwenye kijumba chake peke yake. Hilo si pambo. Ndani ya kile kikombe kuna kemikali inayolipuka kwa kugongwa, kwa kupondwa, kwa cheche ya umeme tuli. Vijumba vile vimewekwa ili moja ikilipuka isiziamshe nyingine zote. Sasa mtu akizimimina kwenye chupa ya jamu ili zichukue nafasi ndogo, amefanya nini? Ametengeneza bomu la mkono, akaliweka rafuni. Na fataki ndogo ya bastola na fataki ndogo ya bunduki zina kipenyo kilekile. Zinatofautiana unene wa kikombe na nguvu ya cheche, vitu usivyoviona. Fataki zilizotoka kwenye boksi lake zimepoteza jina lao. Usizitikise, usizimimine tena, usijaribu kuzihesabu. Na usiamini maneno kwamba ukizitia mafuta au maji zinakufa. Zipo zinazokauka na kufufuka.

Na sasa baruti, ile ya kwenye chupa.

Msikilizaji, sisi tulilelewa na neno moja tu, baruti, na tukidhani ni kitu kimoja. Zamani ilikuwa karibu kweli. Baruti nyeusi, ile ya gobore, ni mkaa, kiberiti na shura, kwa karne nyingi hivyo hivyo. Halafu mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, kwa pamba iliyopikwa kwenye asidi, na dunia ya bunduki ikabadilika. Hata sisi yametugusa. Mwaka 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, askari wengi wa jeshi la Kijerumani, babu zetu wale, walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila aliyepiga alifichuliwa na wingu lake mwenyewe la moshi. Walishinda vita hiyo ya Tanga, na wakaokota bunduki za Waingereza zisizo na moshi. Vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja, baruti, na tofauti yake ilikuwa uhai wa mtu.

Leo hizo zisizo na moshi ziko aina nyingi sana, na zinachotofautiana hasa ni kasi ya kuungua. Nikupe mfano wa nyumbani. Makuti ni kuni. Gogo la mkoko ni kuni. Tia makuti makavu motoni: puu, jiko zima linawaka, kisha kwisha. Tia gogo la mkoko: linakaa hadi asubuhi. Baruti ya bastola ni makuti. Baruti ya bunduki kubwa ni gogo. Bunduki kubwa inahitaji ile ya taratibu, inayosukuma kichwa wakati kinasafiri ndani ya mtutu. Sasa jaza ganda kubwa la bunduki kwa makuti badala ya gogo. Moto wote unatoka kwa mara moja, kichwa hakijapata hata nafasi ya kusogea. Tairi la gari lako dogo lina mgandamizo wa kama psi 30. Bunduki aina ya .30-06, ikijazwa sawasawa, inaruhusiwa kufika 60,000 kwa kipimo hicho hicho. Hapo ni ikijazwa sawasawa! Na uso wako uko sentimita chache nyuma ya moto huo, na mkono wako uko chini yake.

Basi utazitofautishaje kwa macho? Swali zuri. Jibu: huwezi. Narudia: huwezi. Ziko za vijiti, ziko za punje za mviringo, ziko za vipande bapa. Lakini ndani ya kila kundi zimejaa zinazofanana kama watoto pacha waliovaa sare. Rangi haisemi. Harufu haisemi, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia. Kuiwasha kidogo nje uone inavyowaka haisemi, kwa sababu baruti ikiwaka wazi na baruti ikiwaka imefungiwa ni mambo mawili mbalimbali. Mzee aliyefanya kazi hii miaka hamsini hawezi kukuambia kwa kutazama. Na akikuambia anaweza, mshukuru, ufunge chupa.

“Lakini mjomba,” mpwa wangu akasema, “si imeandikwa? 4831.”

Kweli, imeandikwa. Basi sikiliza habari ya tarakimu hizo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilibaki na baruti nyingi mno. Mtu mmoja wa Kansas, Bruce Hodgdon, akainunua na kuwauzia wawindaji kwa bei nafuu. Mojawapo ilikuwa 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga midogo ya milimita 20. Wawindaji waliipenda. Ilipoelekea kwisha, ikatengenezwa mpya, ikaitwa H4831, ile H ya Hodgdon. Kisha, miaka ya 1970, ikatoka nyingine ya DuPont, ikaitwa IMR 4831. Tarakimu zilezile. Sura ileile, vijiti vya kijivu. Lakini ile ya IMR inaungua kasi zaidi, na anayeipima kwa kufuata jedwali la H4831 anavuka mpaka wa usalama bila kujua. Na si hiyo tu. Zipo baruti tatu zenye tarakimu 4350, za chapa tatu, na kila moja ina jedwali lake.

Kwa hiyo 4831, ya nani? Ya jeshi, ya zamani? Ya Hodgdon? Ya IMR? Mzee alijua. Alikuwa nayo kichwani, na kichwa kile tumekizika.

Na kuna swali la pili, ambalo mjane hakulipenda lakini ilibidi niliulize. Je, kilichomo ndani ya chupa leo ndicho kilichokuwamo siku mzee alipoandika? Mjane akasema mumewe alikuwa mtu makini. Ni kweli, alikuwa makini kuliko mimi. Lakini tufikiri jinsi chupa isiyo na jina inavyozaliwa. Mtu yuko mezani usiku, amejaza risasi arobaini, baruti imebaki kwenye kile chombo cha kupimia, bomba la plastiki lililo juu ya mashine. Anaitwa kula. Anasema nitairudisha kesho. Kesho yake anakuja mgeni, keshokutwa ni msiba wa ndugu, wiki inapita. Anaporudi, chombo kina baruti, na mezani kuna makopo mawili. Ilitoka lipi? Anakumbuka, au anadhani anakumbuka. Anamimina.

Nyumbani tumeyaona haya kwa sura nyingine. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Dawa ya kuua wadudu shambani kwenye chupa ya maji, kwa sababu kopo lake lilikuwa kubwa mno kubeba. Aliyeimimina anajua. Mtoto aliyerudi na kiu hajui. Mama yangu alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga jikoni, moja la chumvi, moja la sukari, na sisi sote tuliwahi kunywa chai ya chumvi. Chai ya chumvi unaitema.

Kwa sababu hiyo wanaoijua kazi hii wana desturi moja ambayo naomba uishike hata kama utasahau mengine yote: mezani ikae baruti moja tu. Moja. Kopo lake likae wazi mbele ya macho yako, karibu na kile chombo cha kupimia, mpaka utakapomaliza. Ukimaliza, unairudisha kwenye kopo lake papo hapo, kabla ya kunyanyuka, hata kama chakula kinapoa. Ukishindwa kujua imetoka wapi, hairudi popote. Inatupwa. Na usichanganye mbili kamwe, hata ziwe za jina moja na moja imebaki kidogo tu.

Kopo lenyewe lina kazi yake. Makopo ya kiwandani yametengenezwa yawe dhaifu kwa makusudi: moto wa nyumba ukiyafikia, yapasuke mapema, baruti iwake badala ya kufungiwa na kulipuka. Ukiihamishia kwenye chupa nene ya kioo au kisanduku cha chuma kilichokazwa, umeondoa ulinzi huo. Kioo pia kinapitisha mwanga, na mwanga unaizeesha baruti.

Hapo ndipo inapoingia ile harufu. Baruti nzima ina harufu kidogo kama ya rangi ya kupaka au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukifungua kopo, hata la kiwandani, hata lenye jina kamili, ukakutana na harufu kali ya asidi, au ukaona mvuke wa rangi ya kahawia nyekundu, au kutu ndani, baruti hiyo inaoza. Harufu hiyo haikuambii ni baruti ya aina gani. Inakuambia funga, toa nje, piga simu.

Je, na risasi ambazo zimeshajazwa? Umekuta mfuko wa risasi nzima, nzuri, zinang'aa, alizozijaza mtu mwingine. Usizipige. Huko Vietnam, kuanzia mwaka 1967, kikosi cha siri cha jeshi la Marekani kilichoitwa MACV-SOG kilifanya jambo linalotia baridi. Walichukua risasi za AK-47, wakaondoa baruti, wakaweka kilipuzi kinachofanana nayo, wakazifunga tena vizuri, kisha wakapenyeza moja moja katika shehena za adui. Askari aliyeipata alivunjikiwa na bunduki usoni. Mpango huo uliitwa Eldest Son. Mzee wangu hakumtegea mtu mtego, Mungu amrehemu. Lakini risasi iliyojazwa kwa usingizi na risasi iliyojazwa kwa uadui, kwa nje ni sura moja.

Na kosa la usingizi ni jepesi kuliko unavyodhani. Baruti ya bastola inayokwenda kasi inaweza kuhitaji greni 3 au 4 tu, na katika ratili moja ya baruti kuna greni 7000. Greni 3 ni kama chumvi unayoichota kwa ncha za vidole viwili. Ndani ya ganda haionekani kama imejaa nusu. Ukisahau kwamba umeshaweka, ukaweka tena, ganda bado linapokea, na ukishaweka kichwa hutaona tofauti. Au ukasahau kabisa kuweka: fataki peke yake inasukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kinakwama, mlio unakuwa mdogo, wa ajabu. Ukisikia mlio huo, acha hapo hapo. Risasi ya pili itakikuta kile cha kwanza njiani.

Sasa tufanye nini na vitu hivi? Kwa huku Marekani, piga simu zimamoto au polisi wa mji wako, kwa namba ile isiyo ya dharura, uwaambie kwa maneno ya kawaida: nimekuta baruti na fataki zisizojulikana, za marehemu, nahitaji ziondolewe. Hawatakushangaa. Usimwage chooni. Usitupe kwenye pipa la taka, kwa sababu kuna mtu nyuma ya lori lile anayezishindilia. Usichome ndani ya kopo wala shimo.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa vijana wetu hasa. Sheria ya shirikisho ya Marekani, inapotaja risasi, haimaanishi risasi nzima peke yake. Inahesabu pia maganda, fataki, vichwa na baruti. Na sheria hiyo hiyo inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kumiliki silaha au risasi, isipokuwa anapoingia kwenye vighairi vichache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Sasa mkumbuke mpwa wangu, mwanafunzi, mwenye viza ya masomo, asiye na leseni ya uwindaji, ameshika boksi la maganda na vichwa, anaelekea nalo kwenye gari lake mwenyewe kwa nia njema ya kunisaidia. Nilimwita kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Akashtuka, akaweka chini. Nikamweleza. Ndugu mzazi, ndugu mlezi, waelezeni watoto kabla, msisubiri ngazi za chumba cha chini.

Na wewe uliyeko nyumbani, usiseme haya ni ya Wamarekani. Tanzania na Kenya mtu hajazi risasi mezani kwake, na kukutwa na hata risasi moja bila kibali ni kosa. Ukiokota shambani au ufukweni kitu usichokijua, cha shaba, chenye kutu, usikigonge, usikipeleke nyumbani kuonyesha. Weka alama, mzuie mtoto, mwite mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na kwa wenye magobore yaliyosajiliwa, nasema hili kwa kusisitiza: gobore limeumbwa kwa baruti nyeusi. Ukifungua risasi ya kisasa ukachukua baruti yake isiyo na moshi ukaishindilia kwenye gobore, mtutu utapasuka. Kipimo kidogo hakitakuokoa. Na wapo wanaokwangua vichwa vya viberiti. Hiyo inaweza kuwaka ukiwa bado unashindilia, mkono ukiwa juu ya mdomo wa mtutu.

Muda wangu unaniishia, basi nimalizie ya ile chupa. Maganda ya mzee niliyasoma moja moja, karibu siku mbili. Mazuri nimeyaweka, yaliyokuwa na pete nimeyaponda kwa koleo yasimdanganye mwingine. Vichwa nilivipima, nikaviandikia. Fataki zilizokuwa kwenye maboksi yake zilikuwa salama. Baruti zenye makopo yake, ambayo hayajafunguliwa, zimekwenda kwa mwindaji mmoja anayeijua kazi. Risasi zilizojazwa, na ile chupa, tuliziacha mahali pake, hatukuzigusa tena, tukapiga simu.

Walikuja watu wawili wa zimamoto, wapole. Wakasaini, wakabeba. Mlangoni yule mama mjane akawasimamisha. Akawauliza kama anaweza kubaki na chupa. Wakamwambia hapana, mama, chupa inakwenda na kilichomo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kubaki na ile karatasi ya juu. Yule mkubwa wao akatazama mwenzake, akaweka chupa chini kwenye nyasi, akaibandua karatasi polepole kwa ukucha, isichanike, akampa. Mama ameibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pale mzee alipokuwa akiweka kikombe chake cha kahawa.